Vipandikizi vya meno: kuchagua kinachokufaa na kubana gharama bila kujiumiza

Mtu akishang'olewa jino na pengo likaanza kumsumbua, swali la kwanza analouliza kliniki ni "Kipandikizi kimoja ni bei gani?" Ana haki ya kuuliza, ila jibu lake halimfikishi mbali. Kliniki mbili zinaweza kutaja bei zinazopishana mara mbili huku kila moja inazungumzia kitu tofauti. Tena gharama kubwa mara nyingi haiko kwenye skrubu yenyewe. Iko kwenye idadi ya skrubu, kwenye mfupa ulioachwa ukapungua, na kwenye kazi inayorudiwa kwa sababu ya mwanzo ilifanywa kwa pupa. Kwa hiyo pesa huokolewa kwenye mpango, kabla mtu hajalala kwenye kiti. Akishafunguliwa fizi, nafasi ya kubana matumizi imeshapita.

Hatua ya 1: Jua unachonunua

Kipandikizi kina vipande vitatu. Cha kwanza ni skrubu ndogo inayozama ndani ya mfupa wa taya. Nyingi ni za titani, chache ni za zirkonia, aina ya kauri nyeupe. Cha pili ni kiunganishi, kipande kifupi kinachofungwa juu ya skrubu na kupenya kwenye fizi. Cha tatu ni kofia, yaani jino lenyewe linaloonekana ukicheka. Ukiona tangazo la bei ya chini mno, uliza kama ni ya vipande vyote vitatu. Mara nyingi ni ya skrubu peke yake, na viwili vilivyobaki vitakuja na bili yao.

Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa vifaa vya titani. Alipotaka kuvitoa, akakuta vimeng'ang'aniana na mfupa. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, skrubu za titani kwenye taya la chini, na Larsson alizitumia mpaka alipofariki mwaka 2006. Kazi yote ya kipandikizi imesimama juu ya kushikamana huko kwa mfupa na titani, na kushikamana kunataka muda: kwa kawaida miezi miwili hadi sita, ukitegemea ubora wa mfupa na sehemu ya taya. Taya la juu lina mfupa laini zaidi, hivyo husubiriwa zaidi. Wapo wagonjwa wanaofaa kuwekewa jino la muda siku ileile ya upasuaji, lakini anayeamua hilo ni daktari kwa kuangalia jinsi skrubu ilivyokaza. Haraka yako ya harusi au safari isiwe kigezo.

Jambo jingine la kujua mapema: kipandikizi hakitoboki kama jino, lakini fizi na mfupa unaokizunguka huugua. Aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi bado ana ugonjwa huo mpaka autibu, na utakula mfupa wa kipandikizi kama ulivyokula wa meno.

Hatua ya 2: Uliza kwanza kama unakihitaji

Si kila pengo linadai kujazwa. Gego la mwisho kabisa nyuma likitoka, watu wengi hutafuna vizuri tu bila hilo. Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alitetea hoja hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980: mtu mzima mwenye meno yote ya mbele na ya katikati, yanayokutana vizuri juu na chini, anaweza kuishi na kula bila shida hata kama magego ya nyuma hayapo. Ukishauriwa kuweka kipandikizi huko nyuma kabisa, uliza: "Nisipoweka, nini kitatokea?" Jibu likiwa ni kwamba jino la upande wa pili litashuka kwenye pengo, au kwamba upande mmoja unabeba kazi yote ya kutafuna, hiyo ni sababu. Likiwa ni "ili meno yatimie", baki na pesa yako.

Halafu kuna daraja la kawaida. Meno mawili yanayopakana na pengo huchongwa, kisha hufunikwa kwa kofia zinazobeba jino bandia katikati. Hapa nina msimamo: majirani wakiwa wazima, wasio na doa, kuwachonga ni kuharibu mali iliyo hai ili kujaza iliyokufa, na kipandikizi ni bora hata kama ni ghali zaidi leo. Lakini majirani wakiwa tayari wamezibwa kwa kiasi kikubwa au wanahitaji kofia hata hivyo, daraja ni chaguo la busara, na mara nyingi linamalizika ndani ya wiki chache.

Kwa jino moja la mbele lipo pia daraja la kubandika, lenye bawa jembamba linalogundishwa nyuma ya jino la jirani bila kulichonga sana. Bei yake iko chini sana ukilinganisha na kipandikizi, na kwa kijana ambaye taya lake bado linakua ndilo jibu sahihi mpaka akomae. Kipandikizi hakisogei na taya. Ukimwekea mtoto wa miaka 14, meno yake mengine yataendelea kushuka na lile litabaki juu, fupi kuliko wenzake.

Meno bandia ya kuvua yapo kwa wote wengine, na si aibu. Kwa mtu mwenye mapengo mengi yaliyotawanyika, yanaweza kumrudishia tabasamu na kutafuna kwa sehemu ndogo ya gharama, huku akipanga kuweka vipandikizi pole pole.

Hatua ya 3: Punguza idadi ya skrubu kabla ya kupunguza bei ya skrubu

Pesa nyingi zaidi huokolewa hapa, na sijui kwa nini watu hawaelezwi. Meno mangapi hayapo si sawa na skrubu ngapi zinahitajika. Meno matatu yaliyofuatana yakitoka, skrubu mbili zenye daraja juu yake mara nyingi zinatosha. Jino la katikati linaning'inia kati ya wenzake. Meno mawili ya chini ya mbele, ambayo ni membamba, yanaweza kubebwa na skrubu moja kwa baadhi ya wagonjwa. Daktari akiandika kipandikizi kimoja kwa kila jino, muulize kama daraja juu ya skrubu chache lingebeba kazi ileile, na asikie kwamba unauliza kwa dhati.

Kwa aliyepoteza meno yote ya chini, tofauti ni kubwa zaidi. Seti nzima ya meno bandia ya chini isiyo na kitu cha kuishika ni mateso: ulimi unaisukuma, inapanda mtu akiongea, chembe za chakula zinaingia chini yake na kukwaruza fizi, na wazee wengi huishia kuivua wakati wa kula, yaani saa ileile waliyoinunulia. Skrubu mbili tu, zikiwekwa sehemu ya mbele ya taya, zinabadilisha hali hiyo. Seti inatengenezwa na vishikizo upande wa ndani vinavyobana kwenye skrubu kama vifungo vya kubonyeza vya nguo: unaibonyeza, inalia tak, inakaa. Usiku unaivuta, unaisafisha, unalala. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walitamka kwamba seti ya chini juu ya skrubu mbili ndiyo inayopaswa kuwa chaguo la kwanza kwa mtu asiye na meno ya chini, badala ya seti ya kawaida. Bei yake ni sehemu tu ya ile ya meno yasiyovuliwa. Na kama seti yako ya sasa bado ni nzima na inakaa vizuri, uliza kama inaweza kuwekewa vishikizo badala ya kutengenezwa mpya.

Taya la juu ni habari nyingine. Mfupa ni laini, na seti ya kuvua huhitaji kwa kawaida skrubu nne. Lakini seti ya juu ya kawaida hujishika yenyewe kwa kunyonya kaakaa, hivyo wagonjwa wengi hufanya hivi: juu wanabaki na seti ya kawaida, chini wanaweka skrubu mbili. Ni mgawanyo mzuri sana wa pesa.

Wanaotaka meno yasiyovuliwa kabisa watasikia kuhusu mfumo wa skrubu nne kwa taya zima, uliokuzwa na Paulo Maló wa Ureno katika miaka ya 1990. Skrubu mbili za nyuma huwekwa zikiwa zimelala kwa mshazari ili zikwepe sehemu zenye mfupa mdogo, na hivyo wengi huepuka upasuaji wa kuongeza mfupa. Ni matibabu mazuri. Ila kumbuka kwamba skrubu zikiwa nne tu, moja ikishindwa daraja zima liko hatarini, na kusafisha chini ya daraja lisilovuliwa kunataka mikono yenye utulivu. Kwa mzee mwenye mikono inayotetemeka, seti ya kuvua inaweza kuwa bora na si kwa sababu ya bei tu.

Vipo pia vipandikizi vyembamba, vyenye kipenyo chini ya milimita 3. Ni nafuu na upasuaji wake ni mdogo. Vinafaa kushikilia seti ya chini kwenye mfupa mwembamba. Kubeba gego peke yake si kazi yake.

Hatua ya 4: Tengeneza mwili na mdomo kwanza

Tibu fizi. Safisha ukoga uliogeuka mawe. Ziba meno yaliyotoboka. Hakuna mahali ambapo pesa kidogo inazuia hasara kubwa kama hapa.

Mwambie daktari dawa zote unazotumia. Dawa za kuimarisha mifupa, hasa zile za sindano wanazopewa wagonjwa wa saratani, na mionzi iliyopigwa kichwani au shingoni, zinaweza kuzuia mfupa wa taya kupona. Kisukari hakikuzuii kuweka kipandikizi kama sukari imedhibitiwa. Isiyodhibitiwa huongeza hatari ya kidonda kutopona. Sigara nayo hupunguza damu inayofika kwenye fizi, na wavutaji hupoteza vipandikizi zaidi kuliko wasiovuta. Anayesaga meno usingizini atahitaji kinga ya plastiki ya kuvaa usiku, na gharama yake iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kama jino bado halijang'olewa, una nafasi ambayo wengi wameshaipoteza. Baada ya kung'oa, ukingo wa taya husinyaa, na sehemu kubwa ya kusinyaa huko hutokea ndani ya miezi ya kwanza. Mwambie daktari kabla hajashika koleo kwamba unafikiria kipandikizi. Atang'oa kwa uangalifu zaidi, na anaweza kujaza shimo kwa chembe za mfupa ili umbo libaki. Ni gharama ndogo inayoweza kukuepusha na upasuaji wa kuongeza mfupa miaka michache baadaye, ambao ni ghali na unachelewesha kila kitu.

Hatua ya 5: Dai makadirio yaliyochanganuliwa

Usikubali karatasi yenye mstari mmoja na jumla chini. Omba kila kitu kiandikwe peke yake: uchunguzi, picha za eksirei, kung'oa kama kunahitajika, kuongeza mfupa, skrubu, kifuniko cha kuponyea fizi, jino la muda la kuvaa wakati wa kusubiri, kiunganishi, kuchukua kipimo cha mdomo, kofia, ganzi au dawa ya kutuliza, na ziara za ufuatiliaji.

Tuseme kliniki ya kwanza imekuandikia 60 na ya pili 100. Ukichanganua, ya kwanza imehesabu skrubu na upasuaji wake tu. Ongeza picha 5, kiunganishi 15, kofia 30 na ziara 5, unafika 115. Ile ya 100 ilikuwa imejumuisha vyote. Namba hizi ni za mfano, lakini mtego wenyewe ni wa kweli na unanasa watu kila siku.

Kwenye karatasi hiyohiyo, omba majibu ya maswali manne kwa maandishi. Skrubu isiposhika ndani ya miezi ya mwanzo, nani analipa ya pili? Ni skrubu ya kampuni gani na ya aina gani? Kofia itafungwa kwa skrubu au itagundishwa kwa saruji ya meno? Na nani hasa atafanya upasuaji, na ameshafanya kazi kama yangu? Swali la tatu lina uzito kuliko linavyosikika. Kofia ya kufungwa kwa skrubu inaweza kufunguliwa, kusafishwa au kurekebishwa bila kuvunjwa, na haiachi mabaki ya saruji chini ya fizi, ambayo ni chanzo kinachojulikana cha uvimbe. Pale mwelekeo wa skrubu unaporuhusu, mimi ningeomba hiyo.

Kisha peleka karatasi na picha zako kwa daktari wa pili. Picha ni zako, omba nakala.

Hatua ya 6: Mahali pa kupunguza, na mahali pa kutogusa

Unaweza kupunguza bila madhara kwenye aina ya kofia ya nyuma: kofia ya metali iliyofunikwa kauri imethibitika kwa miaka mingi na haihitaji kuwa ya kifahari kwenye gego lisiloonekana. Unaweza kukataa kulazwa usingizi; kipandikizi kimoja au viwili hufanyika kwa ganzi ya kawaida, kama ya kung'oa jino. Jino la muda linaweza kuwa la kuvua, la bei ndogo, kwani unalivaa miezi michache.

Usipunguze kwenye picha. Kwenye taya la chini kunapita mshipa wa fahamu unaohudumia mdomo na kidevu, na skrubu ikiugusa unaweza kubaki na ganzi ya kudumu. Juu ya magego ya taya la juu kuna uwazi wa hewa, sinasi, ambao skrubu ndefu inaweza kuutoboa. Picha ya pande tatu huonyesha umbali huo kwa milimita. Si kila mgonjwa anaihitaji, lakini daktari akisema mfupa uko karibu na mshipa, lipa.

Usipunguze pia kwenye skrubu isiyo na jina. Skrubu nzuri si lazima iwe ya kampuni ghali kuliko zote. Kuna nyingi za bei ya kati zenye rekodi ndefu. Tatizo la isiyojulikana huja miaka 8 baadaye, kiunganishi kikilegea na hakuna daktari mwenye kipuri kinachoingia. Hapo mgonjwa hung'olewa kipandikizi kizima kilichokuwa kimeshika vizuri.

Hatua ya 7: Panga malipo

Njia nafuu kuliko zote kwa kazi yenye viwango ni hospitali za vyuo vya udaktari wa meno. Madaktari wanaosomea ubingwa hufanya kazi wakisimamiwa na walimu wao, kila hatua inakaguliwa, na bei huwa chini. Unacholipa ni muda: ziara ni nyingi na ndefu, na foleni ipo.

Bima isome kabla ya kuanza. Tafuta vitu vitatu: muda wa kusubiri baada ya kujiunga, kiwango cha juu kwa mwaka, na kipengele kinachokataa meno yaliyotoka kabla hujajiunga. Bima nyingi hukataa skrubu lakini hulipia kung'oa, picha au kofia, kwa hiyo omba kila kipande kiombewe peke yake. Na kwa kuwa matibabu huchukua miezi, skrubu inaweza kuwekwa mwishoni mwa mwaka mmoja wa bima na kofia mwanzoni mwa unaofuata, ukatumia viwango viwili.

Asiye na bima agawe kazi kwa awamu. Skrubu ikishashika, inaweza kukaa imefunikwa chini ya fizi kwa miezi ya ziada wakati unakusanya pesa ya kofia. Ukipewa mkopo, linganisha jumla utakayolipa mpaka mwisho. Kiasi cha kila mwezi peke yake hakikuambii kitu.

Wapo wanaosafiri nchi nyingine kwa ajili ya bei. Inawezekana kuokoa, ila hesabu safari mbili au zaidi, malazi, na siku za kazi zilizopotea. Kabla ya kukata tiketi, tafuta daktari wa nyumbani atakayekubali kukufuatilia, maana wengi hawapendi kugusa kazi wasiyoianza.

Hatua ya 8: Linda ulicholipia

Siku za mwanzo ni rahisi: barafu nje ya shavu, chakula laini, hakuna sigara, na usisukutue kwa nguvu siku ya kwanza ili damu igande. Maumivu yakizidi badala ya kupungua baada ya siku chache, au mdomo ukibaki na ganzi baada ya dawa kwisha, piga simu siku hiyohiyo.

Baadaye, piga mswaki mara mbili kwa siku na upitishe brashi ndogo ya kati ya meno kuzunguka shingo ya kipandikizi, pale kofia inapokutana na fizi. Damu ikitoka hapo mara kwa mara, usisubiri iume. Ugonjwa wa mfupa wa kipandikizi huenda kimya kimya. Muone daktari kila miezi sita au kama atakavyokupangia, na tenga pesa ya vipuri: vishikizo vya plastiki vya seti ya kuvua huchakaa na hubadilishwa kila baada ya muda, kazi ya dakika chache.

Skrubu inakuja na stika yenye jina la kampuni, kipimo na namba ya toleo. Daktari hubandika moja kwenye faili. Omba ya pili ubandike kwenye kadi yako, uipige picha na uitume kwa mtu wa familia. Kliniki inaweza kufungwa au daktari akahama, na kadi hiyo ndiyo itakayomwambia anayefuata ni bisibisi ipi inaingia.